Tumebatiza mlango, vyumba havina majina: Kiswahili na uhandisi wa umeme

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne anayesomea uhandisi wa umeme na kompyuta katika chuo kikuu kimojawapo cha umma nchini ameniandikia kulalamikia makala yangu ya majuzi katika ukumbi huu, niliposema kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba taaluma yoyote. "Prof, kwa heshima zote," anasema, "Kiswahili ni cha mashairi na taarifa za saa moja. Sisi huku tuko na saketi, tuko na mawimbi, tuko na kodi. Hakuna vile mtu atafunza hii kozi na Kiswahili."

Sentensi hiyo ya katikati nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimecheka. Kijana anakikana Kiswahili kwa Kiswahili. Saketi imo kamusini. Mawimbi tumekuwa nayo tangu mababu zetu wapande ngalawa. Kodi, kwa jinsi niijuavyo mimi, hulipwa serikalini au kwa mwenye nyumba. Anachoandika yeye kwenye kompyuta huitwa msimbo. Kicheko kando, malalamiko yake yana uzito, na sitayajibu kwa zile hotuba zetu za kizalendo za kila tarehe 7 Julai.

Kijana huyu amesoma Kiswahili kwa miaka 12. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Fizikia ameisoma miaka 4 ya sekondari, na sasa anakaribia kuhitimu shahada ya miaka 5. Masomo hayo mawili yameishi chini ya paa moja bila ya kusalimiana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini katika karakana za uhandisi habari hiyo ni kama bado iko njiani.

Hata hivyo, lawama yangu leo siielekezi kwa wahandisi. Naielekeza kwa wenzangu tunaojiita wanaistilahi.

Tuchukue mjadala tuupendao kuliko yote. Kwa miongo kadhaa tumebishana kuhusu jina la kile kisanduku: ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Hapa Kenya tarakilishi ikatamba katika insha za shule, Tanzania wakabaki na kompyuta yao, na ngamizi ikabaki kwa wachache wenye moyo. Siku hizi mjadala umehamia kwenye akili bandia, akiliunde na akili mnemba. Makongamano yameitishwa, makala yameandikwa, watu wamenuniana. Na haya yote ni kuhusu jina lililobandikwa mlangoni! Mwanafunzi wa uhandisi anaishi ndani ya nyumba. Akiuliza chumba hiki kinaitwaje, kiti hiki je, ule ufa ukutani je, tunamrudisha mlangoni tukamwonyeshe jinsi tulivyopiga rangi.

Sidharau kazi ya waliotutangulia. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa runinga na maneno mengine mengi, alikuwa na sikio ambalo wengi wetu wenye shahada za uzamifu hatuna. Ninachokosoa ni kipimo tunachotumia. Tunauliza kama neno lina asili ya Kibantu, kama lapendeza, kama wazee wa pwani watalikubali. Mara chache tunauliza swali ambalo mhandisi angeuliza kwanza: neno hili linafanya kazi gani?

Neno la taaluma lazima lizae. Tarakilishi ni jina zuri, lakini ni tasa. Huwezi kusema umetarakilisha hesabu ukaeleweka. Linganisha na kokotoa, kitenzi ambacho mwanafunzi wa darasa la tano hukijua. Kutokana nacho tuna kikokotoo, ukokotoaji na mkokotoaji. Kisha Kiswahili, kwa viambishi vyake vilevile vya kila siku, kinakupa kokotoleka. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba yapo matatizo ambayo hakuna mashine yoyote, hata iwe na kasi na nafasi kiasi gani, inayoweza kuyakokotoa yote kwa hakika. Mhadhiri wa Kiswahili atayaita matatizo yasiyokokotoleka, na mwanafunzi ataelewa kabla hajaelezwa. Hilo limefanywa na mnyambuliko tu. Hakuna kamati iliyokaa.

Au chukua chakata. Zamani ukipita Tanga au Voi ungeambiwa kuhusu viwanda vya kuchakata mkonge: jani zito linaingia upande mmoja, nyuzi zinatokea upande wa pili. Leo tunachakata data. Kile kijiwe kidogo kinachofanya kazi hiyo ndani ya simu yako ni kichakataji, kazi yenyewe ni uchakataji, na hatua zake ni mchakato, neno ambalo hata wanasiasa wetu wameliiba. Aliyelihamisha neno hilo kutoka shambani hadi kwenye kompyuta alifahamu vitu viwili kwa pamoja: lugha na mashine.

Kuna hazina nyingine ambayo hata hatujaigusa. Msingi wa kompyuta zote ni mantiki ya George Boole, aliyoifafanua mwaka 1854, ambapo kila kauli ni kweli au si kweli. Mwaka 1937 kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, alionyesha katika tasnifu yake ya uzamili kwamba swichi za umeme zinaweza kuitekeleza mantiki hiyo: swichi mbili zikifuatana, taa haiwaki mpaka zote zifungwe, zikiwa sambamba, moja yatosha. Hapo ndipo umeme na kompyuta vilipofunga ndoa, na ndiyo sababu vinasomwa pamoja katika idara moja. Sasa malango yenyewe ya mantiki yanaitwaje? NA, AU, SI. Mtoto wa chekechea anayo maneno hayo. Lipo pia lango linalokubali hiki au kile, lakini likakataa vyote viwili kwa pamoja. Kiingereza, kwa neno lake moja la "au", hulazimika kuongeza kivumishi ili kulitaja. Sisi tunasema "ama uje ama usije", na kila mtu anajua kwamba huwezi kufanya yote mawili. Lango la AMA! Najua vijana wa Nairobi siku hizi hutumia ama popote pale pa au, lakini muundo wa ama mbili zinazokabiliana bado uko hai, na kazi yake ni hiyo hasa.

Nimeanza na mazuri kwa makusudi. Sasa tuje kwenye uozo.

Neno masafa. Mtaani masafa ni umbali: mbio za masafa marefu, safari ya masafa. Watu wa rika langu tuliokulia kwenye redio za betri tulizinasa idhaa za ng'ambo kupitia "masafa mafupi". Hapo masafa ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele hadi kilele. Halafu mtangazaji wa leo anakwambia unamsikiliza katika masafa ya FM mia moja nukta kadhaa. Hapo masafa ni idadi ya mawimbi yanayopita kila sekunde. Kwa mshairi hilo ni neno lenye utajiri wa maana. Kwa mhandisi ni balaa, kwa sababu viwango hivyo viwili vya mwisho huenda kinyume: kimoja kikipanda kingine kinashuka. Wimbi la redio la megahezi 100 lina urefu wa mita 3; la megahezi 10 lina urefu wa mita 30. Ukimwambia mwanafunzi "ongeza masafa", aende juu au aende chini? Na kama kwamba hiyo haitoshi, hayo mawimbi ya masafa mafupi ndiyo yaliyosafiri masafa marefu kuliko mengine, kwa kudunda kwenye tabaka la juu la anga kutoka Ulaya hadi Lamu. Ukiuandika ukweli huo kwa Kiswahili chetu cha sasa, msomaji atadhani umelewa.

Dawa ipo. Urefu wa wimbi unajieleza. Kwa idadi ya mawimbi kwa sekunde wako waliopendekeza marudio, wengine mjirudio. Mimi nauegemea mjirudio kwa kuwa marudio tayari ni yale mazoezi ya kabla ya mtihani, lakini sitagombana na mtu. Ninachosisitiza ni kwamba watangazaji, walimu na wanakamusi wachague mawili, na masafa yarudi barabarani yalikotoka.

Nishati na nguvu vina kisa kama hicho, ingawa hapa kosa ni la wanahabari wetu zaidi. Kila mara tunasoma kwamba mtambo fulani "utazalisha megawati 50 za nishati kwa mwaka". Megawati hazina mwaka. Wati hupima kasi ya kutumia au kuzalisha nishati, kama spidi ya gari. Nishati yenyewe hupimwa kwa wati zilizozidishwa kwa saa, kama umbali gari lilikofika. Mama mboga anayenunua tokeni analijua jambo hili vizuri kuliko mhariri. Yuniti moja ni kilowati-saa moja: pasi ya wati 1,000 itaimaliza kwa saa moja, balbu ya wati 10 itakaa nayo saa 100. Yeye hasemi "kilowati-saa", anasema "pasi inakula tokeni". Anasema kweli.

Lakini neno linaloninyima usingizi ni shoti.

Sikiliza watu wakizungumza. "Nyumba imeungua kwa sababu ya shoti." "Usiguse hiyo waya, utapigwa shoti." Neno moja, matukio mawili. Katika tukio la kwanza waya wa moto umegusana na mwenzake, mkondo umepata njia ya mkato isiyo na ukinzani, na umefurika. Sheria ya Ohm hutupa hesabu yake: volti 240 za stima yetu zikipita kwenye kifaa chenye ukinzani wa omu 24, mkondo ni ampea 10 tu. Ukinzani ukishuka hadi omu 0.24, mkondo unaruka hadi ampea 1,000, nyaya zinawaka kama makaa, na paa linafuata. Ndiyo maana kuna fyuzi. Ile ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi zetu za meno matatu huyeyuka na kuukata mkondo kabla waya haujashika moto.

Katika tukio la pili mkondo unapita mwilini mwa mtu. Mwili ulioloa maji una ukinzani wa takriban omu 1,000. Zigawe volti 240 kwa hiyo 1,000 upate ampea 0.24. Mkondo huo unatosha kabisa kuusimamisha moyo. Fyuzi ya ampea 13 unaionaje hapo? Haitajua hata kwamba pana mtu anayekufa. Ingehitaji mkondo mkubwa zaidi ya mara 50 ndipo ianze kushtuka. Kinachomwokoa mtu ni kifaa kingine kabisa, kile kinacholinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, na kukata stima tofauti ikifika miliampea 30 hivi.

Sasa rudi kwenye lugha. Mwenye nyumba anamuuliza fundi, "Hii fyuzi inazuia shoti?" Fundi anajibu, "Ndiyo, mzee, inazuia." Fundi amesema kweli na mzee amesikia uongo. Anaenda zake akiamini kwamba watoto wako salama bafuni, ambako hita ya maji ya kuoga imefungwa bila waya wa ardhi. Mazungumzo kama hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, katika mtaa wa watu waliosoma. Neno lenye maana mbili katika ghazali ni pambo. Hapa linaweza kujaza jeneza.

Kwa bahati nzuri umma una maneno ya kututoa hapo. Watu husema "alirushwa na stima", "alishikwa na stima", "alipigwa na stima". Vitenzi hivyo, tena vyenye mtu kama mtendwa, vinaeleza tukio la pili bila utata. Shoti iachiwe nyaya. Na kushikwa kuna elimu yake: mkondo wa majumbani hukaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuuachia waya. Aliyeanza kusema "stima imemshika" alikuwa mwanasayansi ambaye hakuwahi kuingia maabara.

Hilo neno stima lenyewe baadhi ya wenzangu hulionea haya. Wanataka umeme pekee, kwamba stima ni lugha ya mtaani. Stima ni mvuke, kisha meli ya mvuke, kisha nguvu iliyotoka kwenye mitambo, na leo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria. Umeme nao ni ule mmweko wa angani kabla ya radi. Yote mawili ni mafumbo ya watu walioona kitu kipya wakakipa jina la kitu walichokizoea. Mwanafunzi ayajue yote, atumie umeme katika tasnifu na stima akiwa juu ya ngazi na fundi.

Nani basi wa kuifanya kazi hii? Tanzania walitutangulia. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na hatimaye vyuo vikuu. Serikali ikasitasita, na pendekezo likalala. Hata hivyo, mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kazi ya kuheshimiwa ambayo hadi leo naishika kila nikiandika mambo kama haya. Lakini ni ya 1990. Simu ya mkononi ilikuwa haijaingia mfukoni mwa mwananchi. Mfano unaonivutia zaidi ni wa mwaka 2004, watu wa kompyuta na watu wa lugha wa chuo hichohicho walipokaa pamoja kutafsiri programu za ofisi, zikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice. Waliulizana kila amri inafanya nini kabla ya kuulizana inaitwaje. Si kila neno lao lilidumu, na hilo ni jambo la kawaida.

Hapa kwetu idara za Kiswahili na idara za uhandisi hutenganishwa na uwanja wa mpira na dharau ya pande mbili. Mhandisi anadhani mwanaisimu ni mtu wa ngonjera. Mwanaisimu anaogopa hesabu na hataki ijulikane. Kati yao amesimama fundi, anayefanya kazi ya mmoja kwa lugha ya mwingine, na hakuna anayemuuliza kitu. Wengi tunalihusisha neno fundi na kitenzi kufunda, lakini mwanafunzi wetu akishahitimu anataka aitwe injinia, na ukimwita fundi mtakosana.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika ripoti ya mradi wake na kuutetea mbele ya jopo. Aongeze kurasa mbili za Kiswahili zinazoueleza mradi huo kwa mtu atakayeutumia. Ukiwa ni mfumo wa kupima maji ya tangi kwa simu, zisomwe na mlinzi wa shule. Ukiwa ni kidhibiti cha paneli za sola, zisomwe na fundi wa Kajiado anayezifunga. Msomaji huyo aulizwe ameelewa nini, na jibu lake lihesabiwe katika alama. Mhadhiri mmoja wa Kiswahili aketi kwenye jopo akiandika maneno ambayo wanafunzi wamelazimika kuyatafuta. Katika miaka mitano tutakuwa na orodha ya istilahi zilizokwisha kufanya kazi kabla hazijaingia kamusini. Baraza letu la Kiswahili la taifa, ambalo tumelisubiri sana, litakapokaa sawasawa litaikuta orodha mezani.

Najua wapo watakaouliza: na yale maneno yasiyo na asili kwetu je? Tutafsiri hata transista? La. Transista, dayodi na kapasita ziachwe zilivyo. Zimezaliwa katika maabara za watu wengine, zimezunguka dunia na majina yao, na tayari tumezivalisha irabu zetu mwishoni. Ukinzani na kikinzani tuviendeleze, maana kukinza ni kitenzi chetu na kinazaa. Mkondo tuushike kwa mikono miwili, kwa kuwa kila mtu aliyewahi kuvuka mto anajua kwamba maji hupita kwa wingi palipo rahisi, na kwamba ukiyabana penye nafasi ndogo yatatafuta pengine. Kazi ya kuanzia iwe ni yale maneno yaliyokwisha kuwa ya Kiswahili lakini yanabeba vitu viwili kwa mpigo, masafa na shoti yakiwa mbele ya foleni. Mtandao, ambao leo ni intaneti, ni tovuti, ni nyaya za ofisini na ni ile minara ya simu, usubiri zamu yake wiki ijayo.